UCP 208 kwenye mashine za posho Malindi: nyota tatu kati ya tano

Ingia duka lolote la vipuri Malindi, sema unataka beringi ya mashine ya posho yenye shafti ya milimita 40, na utawekewa UCP 208 juu ya kaunta kabla hujamaliza kusema. Kwa pesa yake ni kitu kizuri. Kasoro yake ni kwamba inauzwa kama dawa ya kila shafti, na mashine ya nyundo inayokwenda mizunguko 3,000 kwa dakika kutwa nzima si kazi iliyotengenezewa hasa.

Anayeinunua ananunua vitu viwili kwa pamoja. Kuna nyumba ya chuma cha kumimina yenye matundu mawili ya boliti, na ndani yake beringi ya UC 208. Tarakimu 08 ndiyo saizi: zidisha kwa 5 upate tundu la 40. Kipenyo cha nje ni milimita 80, sawa na beringi ya kawaida ya 6208. Kutoka chini ya kitako hadi katikati ya shafti ni 49.2, na kutoka tundu moja la boliti hadi jingine ni 137. Vipimo hivi viwili viandike ukutani, utavihitaji siku ya kubadilisha.

Sifa yake kubwa ni mgongo wa ringi ya nje, ambao ni wa mviringo kama tufe na hukaa ndani ya nyumba yenye umbo hilohilo. Stendi za mashine za hapa huchomelewa kwa vyuma vya anguli, na stendi ya kuchomelewa haitoki imenyooka. UC 208 hujipinda na kuifuata shafti, gololi zisiumie. Lakini usizidishe: mpindo ukipita digrii 2 hivi, tundu la grisi kwenye ringi ya nje huachana na mfereji wa nyumba, na kila unachosukuma kwa pampu huishia mahali pasipokuwa na gololi.

Kuhusu mzigo, katalogi huipa UC 208 uwezo wa kilonyutoni 29.1, na hapo hakuna cha kulalamikia. Kanuni ya maisha ya beringi ya gololi ni uwezo gawanya kwa mzigo, jibu lipandishwe kwa kipeo cha tatu, na hapo unapata mizunguko kwa mamilioni. Chukua mzigo wa kilonyutoni 2 kwa mizunguko 3,000 kwa dakika: ni kama saa 17,000. Sasa fundi akaze belti mpaka mzigo ufike kilonyutoni 4. Utapata saa 2,100 na kitu. Mzigo umekuwa mara mbili, maisha yamebaki thumuni. Kwa anayesaga saa nane kwa siku hiyo ni chini ya mwaka, na lawama zote zitaelekezwa kwa mwenye duka.

Nyundo nazo zina hesabu yake. Zikilika, wengi hubadilisha zile mbili tatu zilizoisha na kuziacha nyingine. Nyundo moja ikiwa nzito kuliko ile inayotazamana nayo kwa gramu 10 tu, ikiwa sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, kwa kasi hiyo inavuta kwa takribani nyutoni 197, yaani kama kilo 20 zinazozunguka mara 50 kila sekunde. Mtetemo huo ndio unaoua UCP 208, tena hauanzii kwenye gololi. Unaanzia kwenye skrubu.

Hapa ndipo nyota ya kwanza inapopotea. UC 208 hushikwa kwenye shafti na skrubu mbili za M8, za alenki namba 4. Hakuna kitu kingine kinachoishika. Shafti za vyuma vinavyouzwa tayari vikiwa laini mara nyingi huwa na upungufu wa hadi maikroni 62 chini ya 40 kamili (maikroni elfu moja ni milimita moja). Zilizochongwa vizuri kwenye lathe kwa kipimo cha usahihi cha h7 hazipungui zaidi ya 25. Vernia haitakuonyesha tofauti hiyo, lazima maikromita. Skrubu zikiisukuma shafti upande mmoja, ringi hukaa kombo kwa kiasi cha nafasi iliyopo, kisha mtetemo huzilegeza polepole. Ringi ya ndani inaanza kuteleza juu ya shafti. Dalili yake ni unga mwekundu-kahawia unaotoka kando ya ringi, ambao wengi huudhani ni kutu ya kawaida. Ukiuona, zima mashine siku hiyohiyo. Ukingoja, shafti italika mfereji, na shafti iliyolika haiponi kwa kubadilisha beringi. Kujaza kwa weldi na kuchonga upya kunawezekana, ila joto huipinda. Shafti mpya ni nafuu kuliko kurudi kwa fundi kila mwezi.

Mpangilio wa kufunga unapunguza sana shida hii. Safisha shafti, toa vijikwaruzo kwa msasa laini. Pachika nyumba zote mbili zikiwa na skrubu zilizolegea. Kaza boliti za kitako kwanza, na kama kitako hakikai sawa weka vipande vya bati chini yake, usikilazimishe kwa spana. Zungusha shafti kwa mkono mpaka ikubali. Ndipo ukaze skrubu, upande wa pulei kwanza. Chimba kishimo kidogo kwenye shafti chini ya ncha ya kila skrubu, na weka tone la gundi ya nyuzi. Baada ya siku ya kwanza ya kazi rudi na alenki. Anayesahau hatua hiyo ya mwisho ndiye anayerudi dukani na maneno makali. Na nyundo ya mkono isiguse ringi ya nje wakati wa kupachika: nguvu hupita kwenye gololi na kuacha alama ambazo zitalia milele.

Tuje kwenye grisi, maana hapa pwani ndiko kwenye utamu na uchungu. UCP 208 kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa na grisi ya lithiamu ya ugumu wa NLGI 2. Bara ingetosha. Malindi kuna unga ndani, kuna unyevu wa masika, na upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya vibanda vilivyo karibu na ufuo. Kule Gongoni, jirani na mashamba ya chumvi, hata boliti ya nyumba hushika kutu kabla ya rangi kukauka. Unga hunyonya mafuta kutoka kwenye grisi na kubaki kinyunya kigumu kwenye mdomo wa sili, ule mpira wa kuzuia vumbi. Chumvi hupita palipoachwa wazi. Kwa mazingira hayo grisi ya kalsiamu salfoneti inashinda ile ya lithiamu waziwazi: inavumilia maji bila kuyeyuka na kutoka, inazuia kutu ya chumvi, na inastahimili joto kubwa. Tafuta yenye alama ya H1, inayoruhusiwa karibu na chakula, kwa sababu kinachotoka kwenye mashine hiyo kitapikwa ugali jioni.

Usiichanganye na ya zamani kiholela. Grisi za asili tofauti zikikutana, hasa ile ya poliyurea inayojazwa kwenye beringi za mota za umeme, zinaweza kuwa maji na kumwagika. Sukuma mpya polepole hadi ya zamani itoke yote kwenye sili, shafti ikizungushwa kwa mkono na umeme ukiwa umekatwa.

Kiasi sasa. Kipenyo cha nje zidisha kwa upana wa ringi ya nje zidisha kwa 0.005: 80 kwa 18 hadi 21 kwa 0.005 ni gramu 7 hadi 8 hivi. Pampu za mkono hazifanani, kwa hiyo sukuma mara kumi juu ya karatasi, nenda ukapime kwenye mizani ya dukani, gawanya kwa kumi. Mashine inayosaga kila siku katika vumbi na unyevu ilishwe kila wiki mbili, kidogo kidogo. Wale wa kupiga pampu mpaka sili ifure wanajiharibia wenyewe: grisi iliyojaa pomoni husokotwa na gololi, inapanda joto, na ikizidi nyuzi 70 kila nyongeza ya 15 hukata maisha ya grisi nusu. Beringi iliyotiwa grisi huweza kupata moto kidogo kwa saa moja mbili kisha ikapoa. Isipopoa, umezidisha. Mkono ukishindwa kuishika nyumba kwa sekunde chache, uko karibu na nyuzi 60. Anza kutafuta sababu kwenye belti na kwenye skrubu kabla hujaichukua tena pampu.

Nyota ya pili inapotea kaunta. Ubora wa UCP 208 zinazoingia sokoni unatofautiana mno, na kasha zuri si ushahidi. Pima mwenyewe: tundu lisipungue 40 wala lisilegee kwenye shafti yako. Ingiza kipande cha bomba kwenye ringi na uijaribu kuipinda ndani ya nyumba. Inatakiwa ikubali kwa nguvu kiasi. Ikicheza kama jino bovu, itazunguka ndani ya nyumba na kuila. Fungua nipeli ya grisi uangalie kama tundu limetobolewa kweli mpaka ndani, kwa sababu zipo ambazo halijafika. Kwa zenye jina la SKF, kuna programu ya simu ya SKF Authenticate ya kutuma picha zikaguliwe.

Kwa shafti za mashua za Lamu, msinunue. Maji ya bahari huimaliza mapema. Shafti inayopita majini inataka bushi ya mpira yenye mifereji, inayolainishwa na maji yenyewe. Wala hiyo msiitie grisi, itashika mchanga.

Kwa feni, kisaga nazi, konveya na mashine ndogo za polepole, UCP 208 inabaki chaguo la kwanza na hakuna haja ya kutumia pesa zaidi. Kwa kinu cha nyundo cha mizunguko 3,000, kinachostahili ni UKP 209 pamoja na sliivu ya H2309, yaani mkono wa chuma unaokaa kati ya shafti na beringi. Hiyo hushika shafti ileile ya 40 kwa kuibana pande zote, haitegemei skrubu. Nati yake hukazwa kwa mkono mpaka igome, kisha takribani nusu mzunguko kwa spana ya ndoano, halafu ulimi wa washa unakunjwa. Ukizidisha, nafasi ya gololi inaisha na beringi inaungua. Na usiibebe nyumbani ukidhani itaingia palepale: matundu yake ya boliti yako 146 badala ya 137, na katikati ya shafti iko juu kwa milimita 4.8 zaidi. Stendi isiposhushwa kwa kiasi hicho, nyundo hazitakaa katikati ya chekecheke.