Ukumbi wa mechi Katuba: VAR inaonekana, penalti nusura itupite

Bao la Eberechi Eze, dakika ya 16 ya fainali ya Kombe la FA tarehe 17 Mei 2025, lingeonekana hata kwenye televisheni yenye chenga. Mateta alimpa Muñoz, Muñoz akapiga krosi, Eze akaunganisha bila kutuliza: Crystal Palace 1, Manchester City 0. Ukumbi wa kutazamia mechi haupimwi hapo. Unapimwa pale VAR, yaani waamuzi wa video, inaposimamisha picha na watu wanabishana kama Henderson, kipa wa Palace, aliugusa mpira nje ya kisanduku au ndani, huku Haaland wa City akimkimbilia.

Kwa hilo, ukumbi huu wa Katuba, Lubumbashi, umefaulu. Mwenyewe ameacha zile waya za AV za rangi tatu, ambazo hufanya namba za mgongoni kuwa ukungu, akavuta waya wa HDMI, unaobeba picha safi ya kidijitali, kutoka dekoda hadi kigawanyo chenye chaja yake, kinacholisha projekta na televisheni ndogo ya pembeni. Kigawanyo kisicho na umeme wake, kikilisha skrini mbili, mara nyingi picha hukatika-katika. Waya wenyewe haufiki mita 10, na ni vizuri: ukirefusha HDMI ya kawaida zaidi ya hapo, picha inaanza kupotea bila sababu unayoiona. Mkono wa Henderson ulionekana vizuri kiasi kwamba ubishi ulihamia kwa refa. Kadi haikutoka.

Kasoro ya kwanza ni mlango. Unatazama magharibi. Mechi ilianza saa kumi na moja na nusu jioni yetu, na mwezi wa tano jua la Lubumbashi huzama saa kumi na mbili kasoro dakika chache. Maana yake dakika ishirini hivi za kwanza jua liliingia moja kwa moja hadi ukutani, na bao la Eze kwenye projekta lilikuwa kivuli kinachopiga kivuli. Hakuna projekta ya bei ya kawaida inayoshindana na jua. Pazia zito la kitenge mara mbili, basi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Saa kumi na mbili ni saa ya resho, jiko la umeme: kila nyumba inapika, umeme unalegea, mara unakatika. Ulikatika Marmoush wa City akiwa ameshaweka mpira kwenye nukta ya penalti. Dekoda na televisheni ndogo ya pembeni zimefungwa kwenye onduleri, kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, hivyo hazikuzimika, na ukumbi mzima ukaegemea kona moja kuona Henderson akiruka kulia kwake na kuuokoa. Hapo onduleri imelipa gharama yake, kwa sababu dekoda ikizimika huchukua dakika kadhaa kuwaka na kutafuta mawimbi upya.

Projekta ndiyo ilibaki giza, hata jenereta ilipokwisha kuwashwa. Ni ya balbu. Umeme ukikatika ghafla, feni inasimama balbu ikiwa bado moto, na mashine inakataa kuwaka mpaka ipoe, dakika tano hivi. Kijana aliyebonyeza-bonyeza kitufe hakusaidia kitu. Anafupisha tu maisha ya balbu. Dawa ni onduleri ya pili, kubwa kuliko ya dekoda, itakayoishikilia projekta kwa dakika mbili tatu jenereta inapowashwa. Au projekta ya LED, ambayo haina ugonjwa huo, ingawa mwanga wake mara nyingi ni mdogo.

Tena projekta imewekwa juu ya meza, katikati ya njia. Kila anayetoka kununua michopo, nyama ya kuchoma, anapita na kichwa chake uwanjani Wembley. Ifungwe darini kichwa chini, mipangilio igeuzwe, kwisha. Ukuta una picha ya upana wa mita 3, na kwa lenzi ya aina ile inatosha kurudi nyuma mita 4 na nusu, nafasi ipo.

Sauti? Spika mbili mbele, mabati juu, besi imefunguliwa kama harusini. Mtangazaji wa Kifaransa anasikika kama yuko ndani ya pipa. Besi ishushwe. Bahati yao ni kiangazi. Mvua ikianza kupiga bati, hata hilo pipa halitasikika.

Mafuta yalitosha, na hapa nawasifu. Fainali hii haina marudiano: sare baada ya dakika 90 inaleta 30 za nyongeza, kisha penalti. Jenereta ndogo ya kVA 2.5 yenye mzigo wa nusu hunywa kama lita moja kwa saa, na wao walikuwa na dumu la lita 5. Halikufika mwisho, ingawa refa aliongeza dakika 10 na Palace, ambao hadi siku hiyo walikuwa hawajawahi kutwaa kombe kubwa, walizihesabu moja moja.

Kiingilio ni franka 1,000 benchi, 2,000 kiti cha plastiki. Lipia kiti, safu ya pili, upande wa kulia: huko jua halikupigi na televisheni ya kona iko karibu endapo giza litaingia. Michopo ya mlangoni inakwisha kabla ya mapumziko.