Siku Tisa Oman kwa Ajili ya Maji na Mitende: Tathmini ya Safari ya Mafunzo

Mwezi Aprili nilisafiri kwenda Oman pamoja na wanafunzi wenzangu 22 wa shahada ya uzamili ya kilimo ikolojia na wahadhiri wetu wawili, katika safari ya mafunzo ya siku 9 iliyoandaliwa na wakala mmoja wa safari kwa niaba ya chuo. Kila mmoja wetu alilipa dola 1,650, nauli ya ndege ya Dar es Salaam hadi Muscat ikiwa ndani yake, na kipeperushi tulichopewa kiliahidi umwagiliaji wa asili, uvunaji wa tende na kile walichokiita kwa ufupi tu "utamaduni". Fedha yangu haikupotea. Hata hivyo, sehemu kubwa ya thamani yake niliipata katika saa chache ambazo wakala hakuzipangia chochote, na kwa kuwa vyuo vingine vya kwetu vinafikiria safari ya namna hii, naona ni haki kueleza ni saa zipi hizo.

Nimekulia katika milima ya Upare, wilayani Same, ambako maji ya kijito hukusanywa usiku kucha katika ndiva, yaani bwawa dogo la jamii, kisha hufunguliwa asubuhi na kupelekwa mashambani kwa zamu. Kwa hiyo sikwenda Oman kustaajabia mfereji. Nilitaka kuelewa jinsi watu wanaoishi mahali penye mvua haba kuliko kwetu walivyoweza kugawana maji kizazi baada ya kizazi, wakati sisi wenye mito inayotiririka mwaka mzima tunafikishana kwa mwenyekiti wa kijiji kila kiangazi.

Mfumo wenyewe huitwa falaji, na kwa wingi aflaji. Zipo za namna tatu: ya daudi, ambayo huchota maji ya chini ya ardhi kwenye kisima mama na kuyaleta kwa handaki lenye mteremko mdogo sana mpaka yachomoze yenyewe karibu na kijiji, ya aini, inayotoka kwenye chemchemi, na ya ghaili, inayochepusha maji ya juu juu katika bonde la mto. Jina la daudi limetokana na hekaya ya Nabii Suleiman bin Daud, ambaye inasemekana aliwaamuru majini wazichimbe. Zaidi ya aflaji 3,000 bado zinatumika nchini humo, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza tano miongoni mwao katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sisi tulionyeshwa mbili kati ya hizo tano: Daris, iliyoko Nizwa, na Al-Khatmeen ya Birkat al-Mouz, ambayo maji yake hugawanywa katika mikondo mitatu iliyo sawa kwa kipimo cha jiwe tu, bila mashine wala mita. Mhadhiri wetu wa haidrolojia alipiga magoti akapima kwa rula, akainuka ametabasamu.

Ziara hizo mbili zilikuwa nzuri lakini za haraka, dakika 40 kila mahali, na mwongozaji, kijana aliyesomea utalii, alitueleza kwa Kiingereza kwamba kila falaji ina "mwanasheria" wake. Tuliandika hivyo madaftarini. Usiku wa nne tukalala Misfat al Abriyeen, kijiji cha nyumba za mawe na udongo kilichoning'inia kwenye genge juu ya mji wa Al Hamra, na huko mwenyeji wetu alikuwa bibi aliyezaliwa Unguja na kuhamia Oman na wazazi wake miaka ya 1970. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba, kisha akamsikiliza mwongozaji akirudia habari ya mwanasheria mpaka alipochoka. "Wanangu," akasema, "mnafasiriwa vibaya. Wakili huku ni msimamizi, si mwanasheria. Ndiye anayeshika daftari la maji, anayekusanya fedha, anayeita mafundi handaki likiporomoka." Asubuhi iliyofuata, ambayo katika ratiba ilikuwa imeandikwa "mapumziko", alimwomba jirani yake mwenye kazi hiyo aje anywe kahawa nasi, naye bibi mwenyewe akawa mkalimani kwa saa tatu nzima.

Kama ningelipia saa hizo tatu peke yake nisingelalamika. Yule mzee alituchorea chini kwa kijiti. Maji yakitoka handakini hupita kwanza mahali pa wazi ambapo mtu yeyote, mwenyeji au mpita njia, anachota ya kunywa bila kulipa. Kisha huenda msikitini, kwenye mabafu ya wanaume na ya wanawake na mahali pa kuoshea maiti, na ndipo yanapoingia mashambani. Shambani haki ya maji hupimwa kwa muda. Kipimo cha kawaida huitwa athar, takriban nusu saa ya mkondo, na zamani mchana kilisomwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Leo wengi hutazama saa ya mkononi. Mtu anaweza kurithi athar, kuiuza, kuikodisha, au kuiweka wakfu kwa ajili ya msikiti. Falaji nayo humiliki sehemu ya maji yake, ambayo wakili huinadi mbele ya watu, na fedha za mnada huo ndizo zinazokarabati handaki.

Hapo nilisimamisha kalamu. Kwetu, ndiva ikipasuka tunapitisha mchango, na mchango una wakorofi wake, lakini huko mfereji una kipato chake wenyewe na haumsubiri mtu. Mzee aliongeza jambo ambalo katika vitabu vyetu vya umwagiliaji sijalikuta limeelezwa kwa wepesi kama huo. Mitende hupandwa juu, karibu na mdomo wa falaji, na mazao ya msimu kama ngano, vitunguu na majani ya mifugo huwekwa chini, mwisho wa maji. Mwaka wa ukame wakulima hupunguza eneo la chini au huliacha tupu kabisa, nayo mitende, ambayo ikifa itachukua miaka mingi kurudi, haikosi maji. Ukame umekwisha kupewa mahali pake katika ramani ya shamba kabla haujafika. Wakala, ambaye alitupa nusu siku nzima ya kuzunguka maduka ya Muscat, hakuwa na habari kwamba jambo hili lipo.

Kuhusu tende sina budi kusema wazi. Kipeperushi kilionyesha picha za matunda ya dhahabu na kuahidi kwamba tungeshiriki kuyavuna. Aprili hakuna tende ya kuvuna nchini Oman. Aina zinazowahi, kama naghal, huanza kuiva kuelekea Juni, na nyingine kama khalas na fardh hufuata kadiri kiangazi kinavyokolea, huku mabsali, ambayo huchemshwa na kuanikwa kabla ya kuuzwa nje, ikishughulikiwa mwezi Julai. Sisi tulikuta vitunda vya kijani visivyozidi ukubwa wa pilipili manga. Kwa watalii hilo lingekuwa kosa dogo, lakini kwa msafara wa wanafunzi wa kilimo ni sawa na kuwaalika watu karamuni siku ambayo jiko halijawashwa.

Bahati ilikuwa kwamba katika mashamba yaliyochelewa uchavushaji ulikuwa haujaisha. Mtende una mti dume na mti jike, na mkulima hasubiri upepo. Tulimtazama mkwezi akijifunga kamba kiunoni na kuizungusha kwenye shina, akapanda kwa nyayo tupu kama wakwezi wetu wa minazi, akapasua karara la mti jike na kuchomeka ndani yake vishada vichache vya maua ya mti dume, akafunga kwa ukuti na kushuka. Dume mmoja hutosha majike mengi, ndiyo maana shamba zima huwa na madume wachache tu, na maua yao huuzwa sokoni. Wawili kati yetu walijaribu kukwea na wakaishia urefu wa mlango. Hili lingeweza kuwa kiini cha siku nzima endapo mwandaaji angejua kalenda ya zao alilolitangaza.

Siku ya sita ilipotezwa kizembe. Barabara ya kupanda Jabal Akhdar ina kizuizi cha polisi hapo Birkat al-Mouz, na gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu manne haliruhusiwi kupita, kwa kuwa mteremko wake ni mkali. Jambo hili anajua kila dereva wa Nizwa. Sisi tulifikishwa pale na basi la abiria 30, tukarudishwa, na ikachukua saa nne kupata magari sita ya kukodi, ambayo gharama yake wakala alitaka tuichangie. Mhadhiri alikataa, na hatimaye wakala akalipa.

Tulipofika juu, kwenye uwanda wa Saiq ulio na kimo cha takriban mita 2,000, saa ya kuchuma mawaridi ilikuwa imepita, kwani huchumwa alfajiri kabla jua halijakausha harufu. Tuliwahi tu kuona jinsi marashi yanavyokenekwa: maua hutiwa kwenye chungu juu ya moto, mvuke ukapanda na kukutana na chombo cha maji baridi, matone yakakusanyika katika bakuli la ndani. Marashi ya mlimani yana rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi kidogo, tofauti na yale meupe ya dukani tunayoyajua kwenye mirashi ya harusini, na mimi nayapenda zaidi. Matuta ya kijiji cha Al Aqr, yaliyojengwa kwa mawe makavu na kujazwa udongo, yanaotesha mawaridi, makomamanga na vitunguu saumu. Wakulima walituambia kwamba baridi ya majira ya kipupwe imepungua na kwamba baadhi ya miti ya matunda inayoihitaji haizai kama zamani. Watafiti nao wamelipima jambo hilo na kulithibitisha.

Ngome tulizotembezwa zilikuwa tatu, na moja ingetosha. Ningebakiza ya Nizwa, kwa sababu ya mnara wake na kwa sababu soko la mifugo la Ijumaa liko jirani, ambapo mbuzi huzungushwa mbele ya wanunuzi waliokaa duara na bei hupandishwa kwa ishara na kelele. Pia hapo ndipo mtu wa pwani yetu anaweza kuambiwa jambo ambalo hatukuambiwa na mwongozaji: Imamu Saif bin Sultan wa ukoo wa Yaaruba, ambaye majeshi yake yaliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa kutoka kwa Wareno mwaka 1698, anakumbukwa nyumbani kwake kwa kukarabati aflaji na kupanda mitende pengine zaidi ya kwa vita.

Malalamiko yangu makubwa zaidi hayahusu basi. Ratiba ilituonyesha Oman iliyofaulu peke yake. Siku ya mwisho mhadhiri wetu alifuta ziara ya maduka na kutupeleka ukanda wa Batinah, magharibi mwa Muscat, ambako mashamba mengi hunyweshwa kwa visima vya pampu. Kila mwenye kisima alivuta alivyoweza, maji ya chini yakashuka, bahari ikaingia kujaza nafasi. Tulisimama katika shamba lililoachwa, udongo wake ukiwa na utando mweupe wa chumvi, mitende imesimama bila vichwa, na kando yake vishina vya mindimu iliyokufa kwa ugonjwa uitwao ufagio wa wachawi, ambao ulionekana Oman miaka ya 1970 na kuharibu zao lililokuwa fahari ya nchi. Pale hapakuwa na wakili wala daftari la zamu, kwa maana kila pampu ilikuwa na mwenyewe. Saa moja pale ilinifafanulia yale ya Misfat kuliko mihadhara yote, na ilipatikana kwa ubishi.

Malazi yalikuwa safi, chakula kilitosha na zaidi ya kutosha, hasa shuwa, nyama iliyookwa shimoni, tuliyokaribishwa na majirani wa yule bibi, na halua iliyotanguliwa na kahawa chungu kila tulipoketi. Chuo kitakachotaka kuirudia safari hii kipunguze Muscat iwe usiku mmoja, kiongeze Misfat iwe siku tatu, kidai magari ya mlimani kwa maandishi, na kichague ama Aprili kwa mawaridi na uchavushaji, ama Julai kwa mavuno, kwa kukubali joto lake. Mkalimani anayejua Kiswahili apatikane kabla ya kuondoka, Oman hawakosekani.

Tuliporudi tuliandika barua yenye mambo hayo yote. Wakala alijibu kwa adabu, akakiri kosa la basi na kusema limesahihishwa. Juma lililopita nimeona kipeperushi chao cha mwakani: magari ya mlimani yametajwa kweli, kwa herufi nene, na chini yake ipo picha ileile ya tende za dhahabu, safari ikianza tarehe 10 Aprili.