dvgrab na Kdenlive: kuhamishia kanda za MiniDV kwenye Linux

Mwenye kanda za MiniDV (kanda ndogo za kamera za video za kidijitali) za harusi au mahafali na kompyuta yenye Linux hahitaji kununua programu yoyote: dvgrab hunasa video kutoka kwenye kanda, na Kdenlive huihariri. Gharama yake iko kwenye tundu. Kamera hizo hutoa picha kamili kupitia tundu la FireWire, ambalo Sony waliliita i.LINK, na kompyuta nyingi za leo hazina tundu hilo, kwa hiyo itabidi utafute kadi ya kuchomeka kwenye kompyuta ya mezani au laptopu kuukuu yenye tundu dogo la pini 4. Waya wa USB usikudanganye, kwa sababu katika kamera nyingi za MiniDV hupitisha picha za mnato tu, au video hafifu. Upande wa mfumo hauna shida: Takashi Sakamoto, anayetunza FireWire katika kiini cha Linux, amepanga kuendelea nayo hadi 2029.

Programu ya kunasia, dvgrab, haina dirisha wala vitufe, na hilo huwakimbiza wengi bila sababu. Ukiandika dvgrab --rewind --autosplit --timestamp harusi-, kamera inarudisha kanda mwanzo yenyewe na kuanza kucheza, na kila mahali mpigapicha alipoanza kurekodi upya panazaliwa faili jingine, lenye tarehe na saa ya tukio kwenye jina lake (kama saa ya kamera iliwekwa sawa, jambo ambalo wapigapicha wetu hawakulijali sana). Data haibanwi upya hata kidogo. Fremu (picha moja ya video) ya PAL, mfumo wa video wa fremu 25 kwa sekunde, ni baiti 144,000, na kwa fremu 25 kila sekunde, kanda ya dakika 60 hujaza takriban GB 13.

Kuhariri kwa Kdenlive ni kwepesi hata kwenye mashine ya zamani, kwa kuwa kila fremu ya DV, muundo wa video wa kanda hizi, inajitegemea. Chagua wasifu wa DV/DVD PAL tangu mwanzo. Udhaifu wake ni kwamba humwachia mtumiaji suala la mistari pacha, yaani kila fremu kuwa na nusu mbili za mistari zilizopigwa kwa nyakati tofauti: DV hutanguliza mistari ya chini, na usipoiondoa mistari hiyo kwa kichujio cha yadif wakati wa kutoa MP4, mkono unaopunga huota meno kama chanuo. Menyu ya kutolea video nayo imejaa chaguo ambazo mtu anayetaka faili la kutuma WhatsApp hatazielewa. Kwa hayo naipa nne kati ya tano. Dvgrab inastahili zote tano.