Uzoefu wangu: programu ya kupitia mikataba katika ofisi ya mawakili

Ofisi yetu ilianza kutumia programu ya kupitia na kuandaa mikataba baada ya miaka mingi ya kunakili vifungu kutoka majalada ya zamani, na nimeitumia kwa muda wa kutosha kuweza kueleza ni kazi ipi inayoiweza na ni wapi haistahili kuaminiwa. Ukiipa mkataba, inaugawa kifungu kwa kifungu, inalinganisha kila kifungu na msimamo ambao ofisi imekwisha kuuweka, kisha inaonyesha penye tofauti. Inaandaa pia rasimu kutokana na violezo, na ina sehemu ya kujibu maswali ya sheria kwa kutumia akili mnemba.

Faida kubwa kuliko zote niliiona kabla programu haijasoma mkataba wowote. Ili iweze kulinganisha, ilitubidi kwanza tuandike msimamo wetu wenyewe: muda wa notisi tunaoukubali, ukomo wa dhima, yaani kiwango cha juu ambacho upande mmoja unaweza kudaiwa kulipa, unaomfaa mteja anayenunua huduma na ule unaomfaa anayeiuza, wajibu wa kutunza siri udumu muda gani baada ya mkataba kwisha, na nani mwenye idhini ya kulegeza masharti hayo. Yote hayo yalikuwa vichwani mwa mawakili wakongwe, na kila mmoja alikuwa na lake. Mabishano yalikuwa makali, nami nayahesabu kuwa sehemu ya thamani ya programu hii. Ofisi isiyo tayari kubishana namna hiyo ningeishauri isinunue kwanza, kwa sababu itajipatia tu njia ya haraka zaidi ya kumpa mteja majibu yanayopingana.

Nawasifu pia waliobuni programu kwa kukaa na makarani wetu, wala hawakuishia kwa wakuu wa ofisi. Makarani ndio waliowaonyesha kwamba rasimu husafiri kwa barua pepe ikiwa na masahihisho ya pande mbili juu yake, na kwamba hakuna mtu mwenye kazi nyingi atakayekubali kuitoa humo aipeleke kwenye mfumo mwingine. Kwa hiyo programu hufunguka pembeni mwa ukurasa uleule tunaouandikia. Naamini bila uamuzi huo tungekwisha kuiacha.

Nitoe mfano wa kazi yake. Katika mkataba mmoja wa ugavi, kifungu cha fidia kilisema ukomo wa dhima hautahusu madai yanayotokana na kifungu cha 14.2. Wakati wa majadiliano kifungu kingine kilichotangulia kilifutwa, namba zikajipanga upya, na 14.2 ikawa inazungumzia anwani za kupelekea notisi. Mtu aliyeisoma rasimu hiyo tena na tena hulipita kosa la namna hiyo bila kuliona, kwa kuwa anakumbuka kilichokuwapo zamani. Programu iliweka alama hapo hapo na kueleza kwamba kifungu kinachotajwa hakihusiani na dhima. Kosa hilo lingebaki, mteja wetu angepoteza kinga aliyoipigania.

Kwa nakala zilizopigwa skani, hali ni tofauti kidogo. Mhuri ukiangukia juu ya tarakimu, siku 30 za malipo huweza kusomwa kuwa siku 80. Hata hivyo, kila jibu la programu lina kiungo kinachofungua picha ya ukurasa wenyewe, hivyo kosa huonekana mara moja.

Sehemu ya kujibu maswali ya sheria ndiyo iliyonisikitisha. Mwaka 2023, katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu zisizokuwapo, zilizobuniwa na ChatGPT. Programu yetu haikunipa hukumu ya kubuni, lakini ilinipa jambo gumu zaidi kuligundua: hukumu ya kweli, yenye jina na tarehe sahihi, ambayo hoja inayodaiwa kuamuliwa humo haimo. Kiungo kilifungua hukumu nzima bila kuonyesha aya, kwa hiyo ilinipasa kuisoma yote ndipo nijue.

Kutumia kompyuta katika kazi ya sheria kunakubalika kukiwa na njia ya kuhakiki. Katika kesi ya Da Silva Moore dhidi ya Publicis Groupe, mwaka 2012, Jaji Andrew Peck wa New York aliridhia kompyuta isaidie kuchambua nyaraka nyingi mno, kwa utaratibu ambao ndani yake mawakili wangekagua sampuli, zikiwemo za nyaraka ambazo kompyuta imeziona hazihusiki. Kipimo hicho ndicho ninachokitumia kwa programu hii: upande wa mikataba unakifikia, upande wa utafiti wa sheria bado.

Anayetaka kununua asome kwa makini masharti ya muuzaji kuhusu siri za wateja: nyaraka zinahifadhiwa wapi, zinafutwa lini, na kama zinatumika kufundishia mfumo. Sisi tulidai katazo la kuzitumia kufundishia liandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Ankara nazo zinahitaji uangalifu. Maoni rasmi namba 512 ya Chama cha Mawakili cha Marekani, ya Julai 2024, yanasema wakili anayetoza kwa saa atoze muda alioutumia hasa. Nakubaliana nayo kabisa. Kazi iliyofupishwa na programu haiwezi kulipiwa kama zamani.

Tutaendelea kuitumia kwa mikataba. Sehemu ya utafiti nimeomba ifungwe kwa mawakili wanafunzi, hadi watengenezaji watakapofanya kila jibu lifungue aya husika ya hukumu na kuonyesha tarehe ambayo sheria iliyotajwa ilihakikiwa mara ya mwisho.