Laptopu ya zamani: Windows 11 au Linux?

Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na inaniuma kuona mashine nzima zikitupwa kwa sababu hiyo. Kwa gharama, Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, inashinda: matoleo yake kama Ubuntu au Mint ni bure, wala hayadai, kama Windows 11 inavyodai, chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo laptopu nyingi za kabla ya 2016 hazina. Kwa uimara zinakaribiana.

Kazi iko kwenye matunzo. Printa ya risiti mara nyingi huja na draiva (programu ya kuiendesha) ya Windows tu, na fundi wa mtaani kaizoea Windows. Mwenye duka anayetegemea programu ya mahesabu ya Windows abaki huko. Mwanafunzi wa kuandika na kuperuzi aijaribu Mint moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kufuta faili hata moja.