Jeni za alfa-globini: gap-PCR au Sanger?

Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, kwa hiyo mtu wa maabara hapa Mwanza hawezi kulikwepa swali la jeni za alfa-globini, yaani jeni zinazotengeneza sehemu moja ya himoglobini: zipimwe kwa gap-PCR au kwa Sanger? Mtoto mwenye selimundu aliyerithi pia upungufu wa jeni za alfa, chembe zake nyekundu huvunjika kwa kasi ndogo, na hatari ya kiharusi hupungua. Daktari anastahili kulijua hilo.

Ugumu uko kwenye DNA yenyewe. HBA1 na HBA2, jeni mbili za alfa-globini, zinafanana karibu herufi kwa herufi, tena zimejaa G na C, herufi za DNA zinazoshikana kwa nguvu, hivyo nyuzi zake hazitengani kirahisi hata kwenye joto. Usipoongeza betaini au DMSO, kemikali za kusaidia nyuzi kutengana, mara nyingi PCR (kunakili DNA) hushindwa na jeli ya kuonyesha nakala hubaki tupu.

Sanger, njia ya kusoma DNA ya tangu 1977, husoma herufi moja moja, na badiliko dogo italiona. Lakini kromosomu moja ikiwa imepoteza jeni nzima, itasoma ile iliyobaki na kukupa jibu safi kabisa. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi.

Gap-PCR huweka praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili, pande mbili za pengo, yaani mahali ambapo kipande cha DNA kimepotea. Pengo la kilobesi 3.7 (herufi kama 3,700), lililoenea sana Afrika Mashariki, hutoa bendi (mstari) yake kwenye jeli, kwa mashine ya kawaida ya PCR. Badiliko la herufi moja hailioni, wala pengo ambalo halikutengenezewa praima.

Kwa sampuli za huku kwetu ningeanza na gap-PCR. Sanger ningewawekea wale wenye chembe ndogo zilizopauka, madini ya chuma yako sawa, na jeli haikuonyesha pengo.