Kula nje na mume mpishi: Forodhani, urojo wa Ng'ambo na ukoko wa mama

Mume wangu huuliza bamvua kabla hajauliza bei. Tukifika Forodhani, bustani ya ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Unguja, baada ya magharibi, meza zimeshatandikwa na taa zimewashwa, vijana wenye makoti meupe na kofia ndefu humwita, "Kaka karibu, pweza wa leo, pweza wa leo!" Yeye hunyanyua uso kwanza akautazama mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ndiyo kwanza umeandama, bahari hupwa mbali, miamba ikabaki wazi, na akina mama wa vijiji vya pwani hutembea kwa miguu na vyuma vyao kuchokoa pweza mashimoni. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Siku za maji mafu bahari haitoki vya kutosha, na pweza anayeonekana mjini mara nyingi katoka kwenye barafu. "Kuuza pweza wa barafu si kosa," huniambia, "lakini asiniambie wa leo."

Nimeolewa na mpishi mwaka wa tisa sasa. Yuko jikoni kwenye hoteli ya kitalii huko kaskazini ya Unguja, zaidi ya saa moja kutoka mjini, na mimi nasomesha skuli ya msingi. Kila mtu akisikia kazi yake neno la kwanza ni moja: "Wewe basi unakula vizuri!" Nimeandika haya kwa ajili ya hao, na zaidi kwa mwanamke mwenzangu yeyote ambaye mumewe anapikia watu mia mbili kwa usiku mmoja kisha anarudi nyumbani akanywa chai ya rangi na boflo, amesimama, kwa sababu miguu ikishakunjwa haitaki tena kunyooka. Hanuni. Ameshiba harufu. Ndivyo anavyosema mwenyewe, "Nimeshiba harufu."

Nyumbani napika mimi. Siku zake za kupumzika simpi kisu mkononi, na hili naliona ni haki yake kama ilivyo haki ya fundi kukaa kwenye kiti alichochonga mwenzake. Tatizo ni kwamba mpishi hapikiwi na mtu. Tulipooana, ndugu zangu wakawa wanaogopa kumkaribisha. Wifi yangu aliwahi kunipigia simu akaniuliza kama tukija kula tuje na chakula chetu. Mama yangu mzazi, ambaye wali wake wa nazi unajulikana mtaa mzima, kwa mwaka wa kwanza alikuwa akimpa mkwe wake soda na biskuti, basi. Hadi siku moja tulimkuta ndiyo anapakua. Mume wangu akakaa mkekani, akala wali na mchuzi wa changu, akanyamaza. Mama akawa ananitazama mimi. Halafu mkwe wake akasema kwa adabu, "Mama, samahani, ukoko umebaki?" Mama alikwenda mwenyewe na mwiko kuukwangua, akaurudisha kwenye kisahani, mwekundu, umeshika nazi yote ya chini ya sufuria. Tangu siku hiyo tunaitwa kila Ijumaa, na akikosekana yeye kwa sababu ya kazi, ukoko wake huwekwa.

Kwa hiyo kula nje kwetu sisi si anasa. Ni namna ya kumpatia mtu huyu usiku mmoja ambao moto unashughulikiwa na mwingine. Na usiku wenyewe ni wa kuhesabu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba wageni wamejaa, Disemba mpaka Februari vilevile, na sikukuu zote mbili ndiyo kabisa. Wakati wetu ni masika, Aprili na Mei, mvua inapomwaga na hoteli nyingi za ufukweni zinapofunga au kupunguza watu. Mei yote namiliki mume.

Nianze na Forodhani yenyewe, maana ndiyo inayoulizwa sana. Bustani ilikarabatiwa na Wakfu wa Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, na anayekumbuka tope na karabai za zamani anajua tofauti. Tulianza kwenda hapo tukiwa wachumba, tukikaa kwenye ukuta na kuitazama Beit el Ajaib, lile jumba la zamani la sultani linaloelekea bustani. Tangu upande wake uporomoke Disemba 2020 mume wangu hupenda kukaa ameelekea baharini, kwenye vijana wanaochupa.

Watu wengi husema Forodhani imekuwa ya wageni na bei zake ni za wageni. Ni kweli ukifika na haraka. Ukichukua sahani kabla ya kuuliza bei, umejikubalia mwenyewe. Mishkaki mingi ya samaki iliyopangwa kwenye meza imeshachomwa mapema, na ukiagiza hurudishwa motoni ipate joto. Mume wangu hailaumu meza kwa hilo, anajua foleni ilivyo, lakini huomba kipande kibichi kichomwe mbele yake, na akiambiwa hakuna hushukuru akasogea. Kambakoche hapo hanunui kamwe. Anasema mnyama huyo ni ghali mno kwa mwenye biashara kumtupa usiku ukiisha, na mimi namwamini.

Alichonipa macho nacho ni pizza ya Zanzibar. Nilikuwa naichukulia ni chakula cha watoto. Usiku mmoja akanisimamisha mbele ya kijana fulani, akanambia, "Tazama mkono wake wa kushoto tu." Donge la unga lilikuwa dogo kama yai, limelala kwenye mafuta. Kijana akalibonyeza, akaanza kulivuta kwa ncha za vidole, mkono wa kulia unafanya kazi yote inayoonekana, wa kushoto unazungusha kidogo kidogo ili lisitoboke. Likapanuka mpaka nikaona mbao za meza kupitia humo. Akaweka kipande cha pili cha unga katikati kiwe kitako, kima, kitunguu, pilipili boga, jibini, akapasua yai juu yake, akachanganya humo humo, akakunja pembe nne kama bahasha, na kuigeuza kwenye chuma bila tone kumwagika. Mume wangu akamuuliza, "Bwana mdogo, unga umelala saa ngapi?" Kijana akacheka, "Tangu adhuhuri, kaka. Usipolala hauvutiki." Wakazungumza robo saa nzima. Tulilipa shilingi 7,000, na ilikuwa tamu, kingo zinavunjika, katikati laini. Ushauri wangu: ile ya kima na yai ndiyo ile. Ya chokoleti na ndizi waachie wanaoitaka.

Juisi ya miwa nayo isikukose, iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi mbele yako. Tulinunua kwa 2,000 bilauri. Kama tumbo lako jepesi, sema mapema hutaki barafu.

Sasa niseme na lililoniuma. Mwaka juzi, kumbukumbu ya ndoa yetu, niliweka akiba miezi mitatu nimpeleke mkahawa mmoja wa mjini wenye baraza linaloelekea bahari. Jina naliacha. Niliagiza nguru wa kuchoma, naye akaagiza ngisi. Tulisubiri saa moja na dakika ishirini. Nguru alikuja mkavu kiasi kwamba uma ulipomgusa alichambuka kama makumbi, na mchuzi wa nazi ulikuwa umekatika, mafuta huku maji kule. Nikamtazama mume wangu, nikingoja aseme. Akala. Akamaliza. Bili ilipokuja akaongeza 10,000 na kumwambia kijana wa meza, "Hii iende jikoni."

Nilikasirika. Tulipotoka nikamuuliza kwa nini, maana nyumbani nikizidisha chumvi ananiambia kwa upole lakini ananiambia. Akajibu, "Nilikuwa nasikiliza. Kikaango kimoja kinalia, kinanyamaza, ndiyo kinalia kingine. Yule mpishi yuko peke yake mle ndani, na meza ni kumi na moja." Nilinyamaza njia nzima. Lakini maoni yangu hayakubadilika hata leo, na hapa tunatofautiana: jasho la mpishi yule ni kweli, na pesa yangu ya miezi mitatu pia ni kweli. Mwenye mkahawa anayetoza bei ile anaweza kuajiri mtu wa pili. Sirudi. Jambo moja lakini limenibakia: nikikaa popote siku hizi natega sikio jikoni kabla ya kuagiza. Kukiwa na ukimya kwa meza nyingi, naagiza kilichokwisha kuwa tayari, biriani au pilau, si kitu cha kuchomwa.

Ramadhani ndiyo mtihani mkubwa kwa wake wa wapishi. Yeye amefunga, wageni wa hoteli hawakufunga, na chakula cha mchana lazima kitoke. Wanazuoni wamemruhusu mpishi mwenye haja kuonja kwa ulimi na kutema, ila yeye hataki. Anapika kwa pua na kwa masikio. Kitunguu akikijua kwa mlio, nazi akiijua inavyopanda pembeni ya sufuria. Chumvi anamwachia kijana wa Kikristo kutoka bara, na huyo kijana, Mungu ambariki, naye huenda kunywa maji nje, asimnywee mbele ya macho. Jioni mume wangu hupata tende tatu na maji, kisha anarudi kwenye moto. Siku anapofuturu nyumbani napika uji wa ngano, muhogo wa nazi na papa, na sambusa chache. Vitu vingi kwenye mkeka humchosha macho.

Nimeacha mwisho mahali ninapopapenda kuliko pote. Ni baraza la nyumba moja huku Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, halina kibao, bibi anauza urojo kuanzia alasiri hadi sufuria iishe, na huisha mapema. Urojo wake ni mwepesi, rangi ya bizari, uchachu wake unatoka kwenye embe mbichi aliyoipika ikavurugika humo humo, si kwenye ndimu ya kukamuliwa haraka. Ndani anatia mbatata, kachori, bajia za dengu, mshikaki mmoja, nusu yai, chatne ya nazi, pilipili kwa utakavyo, na juu kabisa chipsi za muhogo, ambazo ukichelewa kula hulegea. Bakuli shilingi 3,000. Hakuna viti zaidi ya baraza lenyewe na benchi moja, mvua ya Mei ikinyesha mnasogeleana, na lazima uje na chenji.

Mume wangu hula pale kama mtoto aliyetoka madrasa. Hasemi pishi, hachunguzi, hataki kujua mafuta yamebadilishwa lini. Nimemuuliza na akaniambia bajia akiiona tu anajua mafuta ni mapya, haina haja ya kusema. Mikono yake yote miwili yenye makovu ya moto inashika bakuli, mvuke unampiga usoni, na mabega yanashuka. Mimi hula polepole makusudi ili tusiondoke.

Miaka mitatu hatukumwambia bibi kazi ya mume wangu. Mwezi wa tano uliopita jirani mmoja akalitoa: "Bibi, huyu unayemlisha ni mpishi mkubwa wa hoteli huyu!" Nikaona upawa umesimama juu ya sufuria. Nikaogopa, nikamkumbuka mama na soda zake na biskuti. Bibi akamtazama, akachota urojo kidogo kwenye kisahani cha chai, akampelekea pale alipokaa.

"Mwanangu, chumvi imekaa?"

Akaupokea kwa mikono miwili, akauonja, akafumba macho.

"Imekaa, bibi. Usiongeze kitu."

Halafu akaomba bakuli la pili.